Waya wa Kwenda na Waya wa Kurudi

Katika soko la Kakuma hakuna waya wa umeme uendao peke yake. Ukiinua uso juu ya vichochoro vinavyotenga maduka ya mabati, kati ya kibanda cha muuza nguo na meza ya mkaanga sambusa, utaona kwamba nyaya zilizotundikwa juu ya nguzo za miti isiyonyooka zimekwenda mbilimbili, sambamba, tangu chumba cha jenereta hata mlango wa mwisho wa mtaa. Na ukimwuliza mwenye jenereta kwa nini kila mteja hufungiwa nyaya mbili, ilhali taa ni moja na bei ya waya haishuki, atakujibu upesi kwamba stima huenda kwa laivu ikarudi kwa nyutro, na isiporudi haikwenda. Jawabu hilo ni sahihi, tena ni fupi kuliko majawabu ya vitabu vingi vya fizikia. Walakini ndani yake mna jambo la pili ambalo mwenye jenereta hana haja nalo katika biashara yake, na kwa hiyo hulipita: ule waya wa kurudi, mbali na kuurudisha mkondo ulikotoka, huifuta hewani sumaku iliyoletwa na mwenzake.

Kabla ya kuingia katika sumaku yafaa kusema namna umeme ulivyofika hapa, maana nyaya hizi hazikutundikwa na serikali. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, ikawapokea kwanza vijana wa Sudan waliokuwa wametembea kwa miguu nchi kwa nchi wakikimbia vita, kisha wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengineo. Nao umeme wa taifa haukuwafuata. Waliokuwa na mtaji kidogo walinunua jenereta za dizeli, wakavuta waya kwa jirani, kisha kwa jirani wa jirani, wakatoza ada kwa taa, kwa friji, kwa televisheni ya kuonyeshea mpira, hata pakawa na mitaa mizima inayowashwa na kuzimwa na mtu mmoja. Baadaye, makazi ya Kalobeyei yalipofunguliwa karibu na kambi mwaka 2016, mitambo midogo ya jua nayo ikaanza kuchukua sehemu ya kazi hiyo. Lodwar, mji mkuu wa kaunti ya Turkana, kiasi cha kilomita 120 kusini-mashariki, haukuwa na bahati kubwa zaidi, kwani kwa miaka mingi umepata mwanga wake kutoka injini za dizeli zilizo papo hapo mjini. Na hilo ni ajabu kwa mtu ajuaye kwamba mto Turkwel upitao Lodwar ndio uliozuiwa huko juu, mpakani mwa Pokot Magharibi, kwa ukuta wa zege wenye kimo cha mita 153, na kwamba mitambo iliyo chini ya ukuta ule imekuwa tayari kutoa megawati 106 tangu mwaka 1991. Njia ya umeme wa kilovolti 220 ilijengwa kuelekea kusini, hadi kituo cha Lessos. Maji hushuka Lodwar, umeme hupanda Lessos.

Sasa turudi kwenye sumaku, ambayo watu wa pwani hawahitaji kujulishwa habari zake, maadamu mabaharia wa Bahari ya Hindi waliitegemea dira tangu zamani, na nahodha Ahmad ibn Majid aliandika juu yake katika karne ya 15. Lililokuwa halijulikani katika zama zake, wala kwa karne tatu baada yake, ni kwamba umeme na sumaku ni watu wa nyumba moja. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted, mwalimu wa chuo kikuu cha Copenhagen, aliona sindano ya dira ikigeuka kila alipopitisha mkondo wa umeme katika waya uliokuwa karibu nayo, na mkondo ulipokatwa sindano ikarejea kaskazini. Jambo lililowashangaza wenzake halikuwa kugeuka kwa sindano tu, bali uelekeo wake, kwa sababu sindano haikuvutwa kuufuata waya wala kuukimbia; ilisimama kuukingama. Sumaku ya waya haitoki kama miali ya taa, huuzunguka waya pande zote. Ushike waya kwa mkono wa kuume, kidole gumba kikielekea mkondo uendako, na vidole vinne vilivyokunjwa vitakuonyesha sumaku inakozungukia.

Jambo hili halihitaji maabara. Lodwar kuna fundi wa sola ambaye uani kwake tulilijaribu kwa betri ya volti 12, taa ya mbele ya gari, kipande cha waya na dira ndogo ya wanafunzi. Fundi aliulaza waya juu ya vipande viwili vya mbao, kutoka kusini kwenda kaskazini, dira ikiwa chini yake kwa upana wa kidole kimoja hivi, akawasha taa. Na sindano, iliyokuwa imelala sawasawa chini ya waya, ikageuka ghafla kuelekea upande, ikavuka nusu ya pembe mraba. Hisabu yakubaliana na macho. Taa ile ya wati 55 hunywa mkondo wa ampea 4 na nusu hivi. Na kanuni ni kwamba ampea 1 katika waya mrefu ulionyooka huleta, mita 1 kutoka kwake, sumaku ya mikrotesla 0.2, ambayo huongezeka kadiri mkondo unavyoongezeka na kupungua kadiri unavyojitenga na waya. Kwa umbali wa sentimita 2, ampea 4 na nusu hutoa mikrotesla 45, ilhali sumaku yote ya ardhi katika nchi hii ya Turkana haizidi sana mikrotesla 34. Sindano ilikuwa na mabwana wawili, na yule mgeni alikuwa na nguvu kumshinda mwenyeji.

Kisha nikamwomba fundi auchukue waya wa kurudi, uliokuwa umepita mbali nyuma ya betri, aulaze sambamba na wa kwanza, kando yake kabisa, ukigusana nao ganda kwa ganda. Akafanya hivyo. Taa ikaendelea kuwaka kama ilivyokuwa, ila sindano ilijikokota ikarudi karibu na kaskazini, ikatulia.

“Mzee,” akaniuliza, “stima si ile ile? Sumaku imekwenda wapi?”

“Haikwenda popote, fundi. Waya mmoja unaivuta sindano mashariki na wa pili unaivuta magharibi.”

“Basi nikizitenganisha?”

“Zitenganishe uone.”

Akazitenganisha kwa upana wa kiganja, na sindano ikageuka tena. Hili ndilo kiini cha mambo yote ya nyaya sambamba, na sidhani kuna namna bora ya kulifundisha kuliko hiyo. Nyaya mbili zichukuapo mkondo ule ule kwa kupingana, mmoja ukienda na mwingine ukirudi, sumaku zao hujumlishana katika nafasi iliyo baina yao na kufutana katika nafasi iliyo nje. Tuchukue njia ya Kakuma ichukuayo ampea 20, nyaya zake zikitenganishwa kwa sentimita 30 juu ya nguzo: katikati yake, mahali ambapo hukaa ndege na hapiti mtu, sumaku hufika mikrotesla 53, yaani inaishinda sumaku ya ardhi, lakini mita 4 chini yake, kichwani pa mpita njia, haizidi sana mikrotesla 0.07. Lau waya ungekuwa mmoja tu, mpita njia huyo angepata mikrotesla 1 nzima. Tena kadiri unavyokwenda mbali ndivyo tofauti inavyokua, kwa kuwa umbali ukiwa maradufu sumaku ya waya wa pekee hupungua ikawa nusu, bali ile ya nyaya mbili hupungua ikawa robo. Na kama mikondo yote miwili ingeelekea upande mmoja, mambo yangegeuka kinyume: katikati ya nyaya pangekuwa patupu, na nje sumaku zingeongezana.

Habari za Ørsted zilipofika Paris mwezi Septemba mwaka ule ule wa 1820, zilimwingia mtu mmoja aitwaye André-Marie Ampère kwa namna isiyomruhusu kulala. Hoja yake ilikuwa nyepesi kwa mtu aliyekwisha kuiona, na nzito kwa asiyeiona: ikiwa waya wenye mkondo ni sumaku, na sumaku husukumana na kuvutana, basi nyaya mbili zenye mkondo nazo hazina budi kusukumana na kuvutana, hata pasipo chuma cha sumaku mahali popote. Katika majuma machache aliwaonyesha wenzake katika Akademia kwamba ndivyo ilivyo, nyaya sambamba zenye mikondo ya upande mmoja zikavutana, na zenye mikondo ya kupingana zikasukumana. Hapo ndipo watu wengi hushikwa na mkanganyo, kwa sababu tangu shuleni tumezoea kwamba vinavyofanana husukumana. Walakini mikondo si ncha za sumaku, wala haikupata kuahidi kufuata desturi zake.

Kwa heshima ya mtu huyo kipimo cha mkondo kiliitwa kwa jina lake, na nguvu hiyo ya nyaya mbili ikafanywa shahidi wa kipimo. Mwaka 1948 mkutano mkuu wa mataifa juu ya vipimo uliamua kwamba ampea 1 ni mkondo ule ambao, ukipita katika nyaya mbili sambamba, ndefu zisizo na mwisho na nyembamba mno, zilizotengana kwa mita 1 mahali pasipo hewa, huleta baina yake nguvu ya sehemu 2 katika milioni 10 za nyutoni kwa kila mita ya urefu. Ilikuwa tafsiri ya kifalme, maana hakuna awezaye kuwa na nyaya zisizo na mwisho. Wapimaji walitumia makoili na mizani, wakafanya hisabu ndefu. Tangu tarehe 20 Mei 2019 tafsiri hiyo imestaafishwa, na ampea sasa hutokana na chaji ya elektroni moja iliyowekewa thamani ya kudumu. Nyaya zenyewe hazikusikia habari hiyo, zinasukumana vile vile.

Zinasukumana kwa kiasi gani? Katika waya pacha wa dukani, ambao nyuzi zake zimetengana kwa sentimita 1, ampea 20 huleta kwa kila mita nguvu isiyozidi uzito wa gramu moja, na ganda la plastiki huizuia bila jitihada. Lakini nguvu hii hukua kwa mraba wa mkondo, na hapo ndipo jambo lililokuwa la darasani huwa la hatari. Katika mitambo ya jua kama ile ya Kalobeyei kuna safu za betri ambazo, zikigusanishwa ncha kwa ncha kwa bahati mbaya, mathalan spana ikianguka juu yake, zaweza kutoa maelfu ya ampea kwa muda mfupi. Na ampea 5,000 katika nyaya mbili zilizotengana kwa sentimita 5 huzisukuma mbali kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 10 kwa kila mita. Ndiyo sababu fundi mwenye adabu hufunga kebo nene za betri kwa vibanio vya chuma kila baada ya hatua fupi, na mtu asiyejua humcheka kwamba anapoteza mali ya tajiri wake, kwa kuwa kebo nzito kama ile haitikiswi na upepo. Hakuifungia upepo.

Umeme wa jenereta una tabia nyingine. Betri hutoa mkondo mnyofu, uendao upande mmoja siku zote. Jenereta hutoa mkondo geu, ambao hapa Kenya huenda na kurudi mara 50 katika sekunde. Weka dira karibu na waya wa jenereta nayo haitageuka, si kwa sababu sumaku haipo, bali kwa sababu kila sindano inapotaka kwenda mashariki huamriwa kwenda magharibi kabla haijang'oa mguu. Lakini msukumo baina ya laivu na nyutro haubadiliki pamoja na mkondo: maadamu nyaya zote mbili zimegeuka kwa pamoja, bado zinapingana, na bado zinasukumana, nguvu huzidi na kupungua tu, mara 100 katika sekunde. Mvumo ule unaosikika kwenye transfoma hutoka hasa katika chuma chake kinachonyooshwa na kulegezwa na sumaku, lakini hufuata mwendo huo huo wa mara 100.

Fundi wa Kakuma anazo njia za kuiona sumaku hii isiyogeuza dira. Anayo mita yenye taya mbili zinazofunguka na kufunga, waiitayo klampu, ambayo huukumbatia waya bila kuukata na kusoma mkondo kwa sumaku iuzungukayo. Mwanafunzi aliyepewa klampu kwa mara ya kwanza aghalabu huukumbatia waya wote, laivu na nyutro pamoja, na mita humjibu sifuri. Naye huapa kwamba mita imekufa. Mita i hai, inasema kweli: ndani ya taya zake kuna ampea 20 za kwenda na ampea 20 za kurudi, na jumla yake si kitu.

Mafundi wenye akili hulitumia kosa hilo kama chombo. Wakishuku kwamba kuna mtu anaiba umeme, au kwamba waya umechubuka na kuvuja, huzikumbatia nyaya zote mbili makusudi. Ikiwa mita inaonyesha namba, hata ndogo, basi upo mkondo uliokwenda kwa laivu na haukurudi kwa nyutro; umepata njia ya pembeni, kupitia bati, kupitia mchanga, au kupitia mwili wa mtu. Ile swichi ya kukinga watu inayofungwa katika nyumba zilizofanyiwa kazi ya halali haina elimu zaidi ya hiyo: nyaya mbili hupita pamoja ndani ya pete ya chuma, na tofauti ya miliampea 30 tu baina ya kwenda na kurudi huleta ndani ya pete sumaku ya kutosha kuifyatua. Katika njia za jenereta kambini swichi hiyo si jambo la kutegemea kuikuta. Wengine, kwa kubana matumizi, hujaribu kuiacha nyutro kabisa na kuurudisha umeme kwa ardhi, chuma kimoja kikipigiliwa kwa jenereta na kingine kwa mteja. Katika udongo wenye maji jambo hilo huenda likawezekana kwa shida. Katika mchanga mkavu wa Turkana, ambao kwa miezi mingi hauonji tone la mvua, umeme hukataa kupita, taa hufifia, na mahali pakavu pazungukapo chuma kile hubeba volti ambazo mtoto aliye peku huzikanyaga bila kujua. Hapo waya mmoja umebaki peke yake juu, na sumaku yake imetanda mtaa mzima pasipo wa kuifuta. Ila sumaku ndiyo iliyo na dhara dogo katika habari hiyo.

Njia kubwa hufuata adabu ile ile ya njia ndogo. Umeme wa Turkwel huondoka katika nyaya tatu, mikondo yake ikifuatana kwa thuluthi moja ya mzunguko, hivi kwamba jumla ya mitatu katika kila nukta ya wakati ni sifuri. Kila mmoja ni waya wa kurudi wa wenzake wawili. Kama megawati 106 zote zingepita katika nyaya hizo, kila mmoja ungechukua ampea 280 hivi, nao peke yake ungeleta mikrotesla 3.7 kwa mtu aliye mita 15 chini yake. Zikiwa tatu pamoja, kiasi hicho hupungua. Upande wa pili wa Ziwa Turkana, katika Marsabit, yapita njia ya namna nyingine, itokayo Wolayta Sodo nchini Ethiopia hata Suswa, zaidi ya kilomita 1,000, iliyoanza kuleta umeme Kenya mwezi Novemba 2022. Hiyo ni njia ya mkondo mnyofu, yenye mihimili miwili ya kilovolti 500, mmoja wa kujumlisha na mmoja wa kutoa, iliyopimwa kwa megawati 2,000. Maana yake, ikijaa, ampea 2,000 huenda kwa mmoja na kurudi kwa mwingine. Tuseme mihimili imetengana kwa mita 12 na iko mita 20 juu ya ardhi: mfugaji apitaye katikati chini yake angekuwa ndani ya sumaku ya mikrotesla 11, thuluthi ya ile ya ardhi, na kwa kuwa haigeuki, dira ingeisikia mahali penginepo kandokando ya njia.

Je, yadhuru? Swali hili huulizwa Lodwar na Kakuma kama linavyoulizwa Nairobi, na mara nyingi huulizwa na mtu aliyekaa chini ya nyaya, akizitazama kwa jicho la wasiwasi. Kamisheni ya kimataifa ya kinga dhidi ya mnururisho iliweka mwaka 2010 kikomo cha mikrotesla 200 kwa raia katika umeme wa mara 50. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani nalo, mwaka 2002, liliiweka sumaku ya namna hii katika kundi la vitu vinavyowezekana kuleta saratani, likitegemea tafiti zilizoona leukemia kuzidi kidogo kwa watoto waliokaa daima katika wastani wa mikrotesla 0.3 hadi 0.4 au zaidi, ingawa sababu yenyewe haikupata kuonekana. Mimi huona neno hilo la pili lastahili kusikilizwa bila kulipigia mbiu. Mwenye kuyashika yote mawili atataka nyaya za nyumba yake zifuatane, laivu na nyutro katika bomba moja, zisitengwe kuzunguka chumba pande mbili. Na fundi mzuri hufanya hivyo hata kabla ya kuulizwa.

Ama huyo mwenye wasiwasi, aliyekaa chini ya nyaya mbili zilizofutana hata zikabaki sehemu ndogo ya mikrotesla moja, mara nyingi yumo katika kiti cha kinyozi, kwa kuwa vinyozi ni katika wateja wa kwanza wa kila jenereta ya Kakuma. Mashine iliyo kichwani mwake ina koili ndogo, isiyo na mwenzake wa kuifuta, na vipimo vya vyombo vya kunyolea vilivyotangazwa na Shirika la Afya Duniani, vikichukuliwa sentimita 3 kutoka chombo, huanzia mikrotesla 15 na kufika 1,500. Vikichukuliwa sentimita 30 tu kutoka chombo, huwa baina ya 0.08 na 9. Kinyozi, ambaye huishika mashine hiyo kutwa, hajapata kuniuliza swali hilo.